Magoti Yanayotembea Bila Mtu

Saa moja kamili asubuhi, mzee mmoja anavaa koti jeupe, anafunga mlango wa chumba cha maabara kisicho na dirisha na kuisalimia mashine.

"Umeamkaje?" anaiuliza.

Mashine haina habari naye. Inaendelea kukunja na kukunjua magoti sita ya chuma, mara moja kila sekunde.

Ni magoti ya bandia. Yamepakwa utando mgumu wa rangi ya dhahabu, mwembamba kuliko unywele, ili yasisagane na plastiki yanayoikalia. Mzee huyu, ambaye wenzake humwita Mzee Hatua, huyaosha kabla hayajapakwa, kisha huyatembeza hadi hatua milioni tano. Kila baada ya laki tano huyapima kwenye mzani kuona yamelika kiasi gani.

Ana miaka hamsini na tisa, kumi na saba kati yake ameimaliza humu. Siku nyingine haongei na mtu mpaka jioni.

"Vumbi huja na watu," anasema, "kwa hiyo watu hawaji."

Nyumbani nako kimya. Mkewe yuko kwa binti yao, mji mwingine, mwaka wa pili sasa. Goti la bandia alilowekewa miaka tisa iliyopita halikuwa na utando. Lilisagika, ungaunga wake ukala mfupa, likalegea. Wao wanakaa ghorofa ya tatu, na ngazi hamsini na nne zimemshinda.

"Natembeza magoti ya watu nisiowajua, na mke wangu hawezi kupanda kwake," anasema, na kucheka kidogo. Upweke umemkaa vibaya, wala hafichi.

Mwezi ujao mkewe atawekewa goti jipya, lenye utando kama huu. Mzee Hatua angefurahi, ila anajua mengi mno. Mwaka juzi, akiwa anaosha, mkewe alimpigia simu. Alivua glavu akapokea, kisha akashika goti moja kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole tu. Kwenye hatua ya laki nane utando ukabanduka pale pale alipogusa, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Hakuna aliyemshuku. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa maabara akakiri, jaribio lote likaanza upya.

"Sasa najiuliza, anayeosha la mke wangu, naye simu ikimwita je?"

Saa saba mchana, nje ya chumba, simu yake inaita. Ni mkewe. Anaiweka kwenye spika ili aendelee kula.

"Mzee wangu, nikishindwa na ngazi hata nikiwa na hilo jipya?"

"Utaziweza, mama watoto."

"Nimeuliza nikishindwa."

Anaweka kijiko chini. Amekwisha kuongea na mwenye nyumba, anamwambia, kuhusu chumba cha chini kilicho karibu na pampu ya maji. Ni kidogo, makochi hayaingii yote.

"Ukishindwa, nitashuka mimi."



"Huko chini jua linaingia?"

"Haliingii."

"Basi ununue taa kubwa. Ile yetu ya jikoni haitatutosha."