Walionipindishia Meza

Mimi ni fundi mwashi. Zipo sakafu nyingi hapa Sumbawanga ambazo maji yakimwagika juu yake hayaendi popote, kwa sababu nilizilaza mwenyewe kwa pimamaji. Naanza na hili ili ujue aibu ninayoisimulia nilivyoistahili.

Meza yetu ya pool iko kwenye baa moja karibu na stendi, kwenye sakafu ambayo sikuijenga mimi. Kwa miaka nimefanya mazoezi pale asubuhi kabla ya kwenda saiti, upepo wa baridi ukipenya chini ya mabati na vidole vikigoma kushika fimbo. Nilikuwa na pigo langu. Niliupiga mpira mweupe polepole, karibu kwa kubembeleza, na ule niliotaka kuuingiza ulitembea kama uliokosea njia, kisha mwishoni ukakata kona na kudumbukia kwenye shimo la upande wa mlango. Watu walipiga mayowe. Walisema nina mkono, nami nikaamini ninao. Vijana walioomba niwafundishe niliwaambia, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba siri iko kwenye kifundo cha mkono. "Usilenge shimo. Lenga kiganja kimoja kando yake, upande wa ukutani." Wakajaribu, wakaingiza. Hata hilo halikunishtua, mpumbavu mimi.

Nilipochaguliwa kwenda kucheza mashindano Mbeya, nikawa habari ya mtaa. Mama yangu, ambaye analima kijijini Pito na hajawahi kuiona meza ya pool, alinifungia mayai ya kuchemsha na karanga za safari. "Mwanangu, usituaibishe," aliniambia, na majirani wakacheka kwa furaha.

Kule nilipangwa na bwana mmoja mkimya aliyekuja na fimbo yake mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nikalegeza mkono, nikapiga pigo langu. Mpira ukaondoka vizuri kabisa. Nikaanza kuinama kushoto, kama ninavyofanya nyumbani, nikisubiri ukate. Haukukata. Ulinyooka mpaka ukagonga ukingo na kusimama, na mimi nikabaki nimepinda peke yangu mbele ya ukumbi mzima. Watu waliangua kicheko. Nikarudia, ukanyooka tena. Yule bwana hakucheka, na ni afadhali angecheka. Alimaliza mipira yake, akaingiza mweusi, akanipa mkono kwa heshima. Nilitolewa asubuhi ileile bila kushinda hata gemu moja.

Mshikaji wangu aliyenisindikiza alinidaka mlangoni. "Vipi kaka, mbona mpira ulikuwa haukati?"

"Ile meza..." nikaanza.

Nilitaka kusema kwamba ile meza imenyooka. Nilikuwa nimeshaelewa nikiwa bado na fimbo mkononi: mpira wetu hukata kona kwa sababu meza yetu imeinama, na mkono wangu haujawahi kuukatisha mpira wowote.

"Imepinda!" akadakia. "Nilijua tu! Wamekupindishia meza!" Akatoa simu. Basi letu lilikuwa halijafika Tunduma, na Sumbawanga yote ilishajua nimeonewa. Ningeweza kumkatiza. Niligeukia dirishani nikajifanya nimelala.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda baa na pimamaji, kitu ambacho sikuwahi kukifanya miaka yote ile, nikaiweka juu ya kitambaa cha kijani. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande wa ukutani, ndio ulioinuka, na kujibana huko. Nikaigeuza, nikiomba iwe imeharibika. Kikakimbilia ukutani vilevile. Sakafu ya namna hiyo ningempa kijana wangu wa saiti aivunje yote, na maneno makali juu.

Mama mwenye baa alikuwa anafagia. "Fundi, unapima nini tena?"

"Naangalia kama imekaa sawa."

"Kwani haijakaa sawa?"

"Imekaa sawa, mama."

"Basi Mungu anawaona wale wa Mbeya," alisema, akaendelea kufagia.

Tangu hapo kila ninapopita mtu ananipa pole. Muuza mitumba, kinyozi, hata paroko wetu. Ninapokea pole zote nikiangalia viatu vyangu, na wao wanadhani ni unyenyekevu. Wanazidi kunipenda. Sijui kama kuna adhabu mbaya kuliko kupendwa hivyo.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mama. Ulipofika wakati wa maombi, mmoja alimwombea mgonjwa, mwingine akaombea mahindi yaliyoko shambani. Kisha mama akasimama, kitenge amekifunga vizuri, macho ameyafumba. Nilidhani ataomba nishinde safari nyingine.

"Tuwaombee wale waliompindishia mwanangu meza," alisema. "Mungu awasamehe. Tena awape moyo wa kusimama mbele za watu na kusema ukweli. Ee Bwana..."

"Twakuomba, utusikie," wakaitikia wote.

Mama alifumbua jicho moja kuangalia kama na mimi nimeitikia. Nikaitikia, kwa sauti.