Matundu ya Gunia

Juzi niliona picha ya zamani gazetini. Wanakijiji wa Nyeri wamechuchumaa mistarini, mikono kichwani, na mbele yao askari wa Mwingereza wamemsimamisha mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kazi yake ilikuwa kuwatambua wapigania uhuru. Aliitikia tu kwa kichwa, na mtu akapelekwa kunyongwa.

Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu huko ughaibuni, Hässelby, Cucu, mama yake baba, alipotutembelea kutoka huko Nyeri. Nilitoboa gunia la viazi, nikalivaa nicheze zimwi. Ndani lilinuka udongo, na pumzi yangu ilivuma masikioni. Nilipoingia sebuleni, Cucu aliacha kumenya viazi. Alinitazama muda mrefu, kisu mkononi, nami nikafurahi kwamba nimemtisha.

“Njoo hapa.”

Nilidhani atanichapa. Badala yake alishika gunia usoni pangu, akatanua matundu taratibu kwa ncha ya kisu.

“Umeyatoboa karibu mno,” alisema. “Hivi huwaoni walio mwishoni mwa mstari.”

Nilicheka, maana sebuleni tulikuwa wawili tu. Nikaona nimebahatika kupata bibi anayejua kucheza.