Rula yangu na gorogoro ya omena

Wenzangu wa barua pepe, leo nimejiibia mwenyewe mchana peupe, sokoni Homa Bay.

Mama alinituma omena, wale dagaa wa ziwani, gorogoro moja, yaani mkebe mmoja wa kupimia. Mnajua kazi yangu maabarani: kuchonga silikoni kwa plazma, kisha kupima kina kisichofika hata unene wa unywele.

Muuzaji akajaza mkebe mpaka ukafanya mlima. Mimi nikaona hicho si kipimo! Nikatoa rula mfukoni, nikasawazisha. Mlima wote ukarudi kwenye beseni lake.

Chekeni tu.

Muuzaji akanifungia, nikaenda.

Nyumbani Mama akauinua mfuko. "Nyathina, mwanangu, ile ya juu iko wapi?"

Nikamweleza habari ya rula.

Akashika njia ya soko. Amerudi na mlima wake, na ujumbe wa muuzaji: nikienda tena, nisisahau rula.