Mota ya Feni Kwenye Sufuria ya Halua

Nina aibu nyingi ndogondogo, nyingine za tangu darasa la tatu, na huwa nazipitia moja moja kichwani kama mtu anayekagua nguo kwenye kamba, lakini hii ya halua siwezi kuipitia bila kufumba macho, kwa hiyo naisimulia huku nimeyafumba.

Ami yangu, Ami Makame, hupika halua hapa Wete, na sufuria moja ya halua hutaka kukorogwa saa mbili nzima bila kupumzika, maana ukiiacha kidogo tu inashika chini. Bega lake la kulia limeanza kugoma. Siku moja akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba baada ya kupika halua ya harusi ya mtoto wa Mzee Faki ataacha kazi. Mimi nilikuwa nimerudi na shahada ya umeme, miezi minane sina ajira, nakula kwake kila siku, nikamwambia, "Ami, usiache, nitakutengenezea mashine."

Nikapata mota mbili kwa muuza vyuma chakavu kule Chake: moja ya waipa ya kufutia kioo cha lori, nyingine ya feni ya rejeta inayopoza injini. Zote ni za DC, yaani za umeme wa betri, ila ya waipa ina gia ndani yake, na gia hizo huchukua mbio za mota na kuzigeuza kuwa nguvu, wakati ile ya feni ni mota tupu, ina mbio nyingi na nguvu kidogo. (Hili nililijua. Niliulizwa kwenye mtihani na nikapata.) Nikafunga kwanza ya waipa, mwiko ukazunguka taratibu, na Haji, jirani anayemletea Ami kuni, akacheka mpaka akaweka mzigo chini.

"Bi Injinia, hiyo yakoroga au yavuta uradi kwa tasbihi?"

Siku tatu sikupata amani. Niliandika kurasa mbili za faida na hasara, nikachora na jedwali, lakini ukweli haukuhitaji hata mstari mmoja: niliogopa kuchekwa. Nikaifungua ya waipa, nikafunga ya feni, nikaijaribu kwenye sufuria ya maji, ikazunguka vizuri mno. (Ndiyo, maji. Mtu aliyekulia kwenye jiko la halua.)

Asubuhi ya harusi Mzee Faki alikuja mwenyewe kuiona mashine. Sufuria ilikuwa na maji, sukari na uwanga, ule unga unaoifanya halua iwe nzito, bado baridi, nikawasha, mwiko ukaenda kasi mpaka katikati pakawa shimo.

"Mashaallah!" akasema Mzee Faki, akainama aone vizuri, na wimbi la uwanga likamrukia kwenye kanzu kuanzia kifuani hadi magotini.

"Si neno, mwanangu, si neno," akasema, akaenda kubadilisha. Hapo ndipo nilipopaswa kuzima. Lakini nikawaza, ikiwa nzito itatulia yenyewe.

Ikatulia kweli. Moto ulipokolea na halua kuanza kuwa nzito, mlio wa mota ukashuka, ukawa mnong'ono, ukakatika, na moshi mwembamba ukatoka kwenye mota.

"Koroga!" akapiga kelele Ami.

Nikoroge na nini? Mwiko nilikuwa nimeufunga kwa nati nne kwenye fremu ya chuma, na spana iko nyumbani. Haji, aliyekuwa amekuja na kuni, akazivuta kutoka motoni, mimi nikakimbia, na nilipogeuka mlangoni nikamwona Ami ameshika mwiko pamoja na fremu yake anajaribu kuizungusha kwa bega lile lile, uso umemkunjamana. Niliporudi na spana, halua ilikuwa imeshika.

Mzee Faki alirudi na kanzu nyingine, akanusa. Ami akamwambia, "Nisamehe Mzee wangu. Nimeiunguza mie, mkono wangu huu."

Nami nimesimama pale pale na spana mkononi, sikusema kitu.

Ikachotwa ya juu, ikapelekwa hivyo hivyo, na alasiri, baada ya nikaha, nikiwa nimekaa na wanawake, mmoja aliitafuna kidogo akauliza, "Halua ya nani hii?" Mwenzake akajibu, "Ya Makame. Kachoka sasa, masikini." Kanzu ya mtu hufuliwa. Lakini jina la mpishi ambaye maisha yake yote hajawahi kuunguza sufuria, nililiacha lichafuke mbele yangu, na kinywa changu kilikuwa na halua yake.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Faki. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, nikaisahau yote. "Niliyeiunguza ni mimi, si Ami."

"Najua," akasema. "Moshi wa kuni naujua, na ule ulikuwa wa waya. Nilikuwa nakungoja wewe tu. Haya, kawaambie na waliokula."

Walikula watu wengi. Nimeanza na wa mtaani, sasa nimefika kwenu. Mota ya waipa nimeirudisha kwenye fremu, naijaribu kwa uwanga mzito kiasi kwamba mkono wangu unashindwa kuukoroga na yenyewe inaendelea. Inakwenda taratibu sana, na Haji bado anacheka. Acha acheke. Sitabadilisha tena kitu ninachojua ni sahihi kwa sababu ya kicheko cha mtu. Ami hajasema kama atapika tena, bega bado amelifunga kitambaa. Ila mkikutana naye msimpe pole ya kuzeeka. Hakuchoka. Halua ile niliiunguza mimi.