Viganja Juu ya Dari

Mzee Cheche na mkewe hawakwenda stesheni kupanda treni. Dari ya jukwaa la pili ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, na adhuhuri ingefungwa tena. Juu yake kulikuwa na kitu mkewe alichotaka kukiona kabla hajafa.

Jina la Cheche alilipata hapo hapo, enzi zake za kuchomelea vyuma. Nyie mnaopita leo na viatu safi hamtaamini: palikuwa dimbwi la matope lililobanwa na majengo huku na huku. Nguzo zilididimizwa mpaka mafundi wakasema zitatokea upande wa pili wa dunia. Boriti zilishushwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Tena zilifungwa alfajiri, kwa kuwa jua likipanda chuma kinarefuka, matundu ya bolti hayakutani.

Boriti ya mwisho ilipokaa, kila fundi aliacha alama ya kiganja chake kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wote isipokuwa shemeji yake Cheche, kaka wa mkewe, aliyekwenda kwanza kunywa chai. Aliporudi kubandika chake, jua lilikuwa utosini na chuma kinaunguza.

Sasa shemeji ni marehemu, na hakuacha picha hata moja.

"Kama kiganja chake hakipo, usinifariji kwa uongo," mkewe alisema, akipanda ngazi kwa magoti yake mabovu.

"Nimekudanganya lini, mama?"

"Siku ya posa. Ulisema hukoromi."

Fundi wa dari aliwaamkia, akawaambia hapo haparuhusiwi. Kisha akayaona macho ya yule mama, akawasha tochi.

Vumbi. Utando wa buibui. Halafu viganja, vimepangana. Cha Cheche kilikuwa kizima, vidole vitano. Cha pembeni yake kilikuwa kimeburuzwa, gumba halipo, kama kimerambwa na ng'ombe.

Mkewe aliinua mkono wake hewani, akaulinganisha nacho kwa mbali.

"Ni yeye. Hakujua kusubiri tangu utotoni." Akamgeukia mumewe. "Alipoungua, alisemaje?"

Cheche alitazama kushoto na kulia, akamnong'oneza sikioni. Bibi wa watu akacheka mpaka akashika nguzo, machozi yanamtoka.

"Nifunge, mama?" fundi akauliza, ubao mkononi.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Bado namsikia."