Joka la Deo

Leo nimemdanganya mama yangu, na ningemdanganya tena.

Niko nyumbani Nyaishozi na binti yangu. Asubuhi nikamwonyesha kwenye simu ile filamu ya zamani ya joka na vikaragosi vya kuvaa mkononi, tuliyoitazama utotoni mimi na marehemu kaka yangu, Deo.

Akacheka. "Mama, joka la uongo hili! Mkono wa mtu unaonekana!"

Sasa mwanangu, si ndiyo raha yenyewe? Kuna mtu humo ndani.

Deo naye alitengeneza joka lake, la majani makavu ya mgomba. Akiingiza mkono tu, linamwamkia mama kwa Kinyambo. Mama hoi kwa kicheko.

Nikaenda jikoni kulichukua. Miaka yote limekaa juu ya kuni.

Halipo.

Mama alikuwa anapika ndizi. Macho yake siku hizi, mnajua tena. Nikamuuliza kilichokuwa juu ya kuni kiko wapi.

"Yale majani makavu? Nimewashia moto."

Nikainama kuchungulia mafigani.

Akanigeukia, mwiko mkononi. "Kwani yalikuwa nini?"

"Majani tu, mama."

Nyie mngemwambia?

Ndizi zimeiva vizuri, binti yangu kaomba nyongeza. Zangu nimemsogezea yeye.