Mirrorless ya kuanzia au bridge yenye zoom? Someni kwanza kilichonikuta Butiama ndio mniambie habari za sensor

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo sijaja kucheka na mtu. Nina hasira tangu tutoke msibani, na nimeona heri nizitapike hapa kuliko kumtapikia mume wangu, maana tutaachana. Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Asiyetaka kuamini apite, uzi wenyewe ni mrefu.

Kuna mtu humu kauliza achukue mirrorless ya kuanzia au bridge yenye zoom kubwa. Mmemjibu kama mnagombeza mtoto. Sensor, sensor, sensor. Mmoja kaandika "bridge ni toy ya watalii". Huyo angekuwa karibu ningempiga na mwiko.

Kwa wasiojua, niwaeleze kwa kifupi.

Bridge ni ile kamera yenye umbo kubwa kama ya kazi lakini lensi yake haitoki, imezaliwa nayo. Sensor yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo. Ila inavuta! Unasimama hapa, unamvuta mtu aliye kule mpaka unaona kifungo cha shati kimeshonewa uzi wa rangi nyingine.

Mirrorless ya kuanzia ni ndogo, nyepesi, sensor kubwa, lensi unatoa unaweka nyingine. Lakini ile lensi inayokuja nayo kwenye boksi ni fupi. Ya kuvuta unanunua kivyake, na wengi wetu hatununui. Tunabaki na hiyo hiyo ya boksi.

Mimi nilikuwaga na bridge.

Nilimaliza form four, matokeo hayakunibeba, nikaanza kupiga picha za ubatizo, kipaimara, sendoff. Musoma mjini, Nyegina, mpaka vijiji vya Bukima. Kamera ni ile ile moja, imechubuka kona zote.

Nisiwe mnafiki, ilikuwa na ubaya wake. Ukiingia nayo kanisani kwenye mwanga hafifu, picha zinajaa chenga kama mtu kamwaga uwele. Bibi harusi mmoja aliniuliza, "Dada, mbona nina vipele?"

Lakini nje, kwenye jua, ilikuwa jicho. Nakumbuka nimekaa ufukweni Bukima, boti zinarudi kutoka upande wa kisiwa cha Rukuba, bado ni vidoti. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa akanisogelea. "We binti, hebu niangalizie na hilo dude lako, wangu yumo?" Nikavuta. Nikamwambia yumo, kavaa kofia nyekundu, anakula. Akasema, "Anakula! Mimi huku sijalala, yeye anakula!" Akaondoka kwa furaha hadi kasahau beseni.

Sasa nije kwa mzee.

Mzee ni baba wa mume wangu, kwao ni Butiama. Kwa ukoo wao, mkwe wa kike na baba mkwe hawasogeleani. Simpi kitu mkononi. Siketi anapoketi. Akiwa anapita anakohoa ili nijue, nami napisha. Nikikosea nikasogea, yeye ndiye anainuka anaondoka, na hapo aibu ni yangu. Jina lake silitamki, hata hapa siliandiki.

Msianze kuniandikia habari za haki za wanawake. Hakuna aliyenionea. Mzee alikuwa anatuma mtu aniletee maziwa ya ng'ombe aliyemkamua mwenyewe. Nikiumwa anauliza kupitia mama mkwe, kila asubuhi. Tulipendana, ila kwa mbali.

Na uso wake niliujua kupitia kamera tu. Nasimama mlango wa jiko, yeye yuko zizini upande wa pili wa uwanja, nainua bridge, navuta. Nikaona ana kovu juu ya nyusi. Nikaona anaongea na ng'ombe na kucheka peke yake, meno ya pembeni hayapo. Nikasema kumbe mume wangu kicheko chake kakitoa kwa huyu.

Sikubonyeza hata mara moja. Kumwangalia nilijiruhusu. Kumpiga picha bila yeye kujua niliona ni wizi.

Halafu nikajifungua. Mtoto wa kiume, akapewa jina la mzee. Kwa kuwa jina siwezi kulitamka, mtoto wangu namwita Babu, na mimi kule kijijini ni Mama Babu. Mzee alifurahi, alinichinjia mbuzi. Mama mkwe akaja jikoni na ujumbe.

"Mzee anasema, Babu akishajua kukaa, umpige naye picha. Wawili tu. Hataki wajukuu wengine wamejazana kama kuku."

"Kasema mimi nipige?"

"Kasema Mama Babu. Hataki ya simu. Anasema za simu watu wanafutaga wakitaka kuingiza nyimbo."

Nililia kidogo, nawaambia ukweli. Ruhusa hiyo nilikuwa nimeisubiri tangu niolewe.

Samahani, nilikuwa namnyonyesha. Naendelea.

Kuna shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana stationery Bunda, anapiga na passport size. Huyu ni mwenzenu wa sensor. Anaangalia video mpaka bando linaisha. Kila akija Musoma ananicheka: "Shemeji, hiyo ya kwako ni darubini, sio kamera. Umeshaona background blur wewe, nyuma panafutika anabaki mtu tu?"

Siku moja nimempeleka mtoto kliniki. Narudi, namkuta mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti na kamera hajui hata pa kuwashia, ameshika kiboksi, anatabasamu.

"Mama Babu, fumba macho."

Yeye na shemeji walikuwa wamekwenda kuibadilisha kamera yangu. Kwa mtu wa Bunda, mwenye mirrorless ya kuanzia na ile lensi fupi ya boksi. Wakaongezea na hela. Hakuna aliyeniuliza. Eti surprise.

Nikamuuliza, "Zoom yake inafika wapi?"

Akanijibu kama shemeji alivyomfundisha: "Hii huzoomu, mke wangu. Hii unasogea."

Unasogea.

Mtu kazaliwa Butiama, kakulia kwenye huo uwanja, anajua mimi nasogea wapi na sisogei wapi. Akatamka hivyo na wala hakujisikia. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia wakuu, sio kwenye kamera.

Nikaenda kwa yule mtu wa Bunda kuomba anirudishie. Alikuwa ameshaiuza, iko Mwanza.

Nikawa mpole. Na nikubali jambo moja, mirrorless ndani ya nyumba ni nzuri. Nilimpiga mtoto amelala, mwanga wa dirishani tu, kope unazihesabu. Kanisani ile chenga ikaisha, wateja wakafurahi. Kama kazi yako ni harusi na ukumbi, nenda kachukue, sikukatazi.

Babu akajua kukaa. Na mzee wakati huo ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeshamla, koti lilimning'inia. Mama mkwe akapiga simu, njooni.

Tulifika asubuhi, jua zuri. Mzee alikuwa tayari. Shati jeupe, koti, kofia, kaketi kwenye kigoda chake mbele ya zizi. Mume wangu akampelekea mtoto, akampakata. Babu akamshika kidevu. Mimi mlangoni kwa jiko, pale pale pangu.

Nikainua kamera. Nikazungusha lensi. Ikagota.

Mzee alikuwa mdogo kama punje. Uwanja mzima umeingia, paa la nyumba, mbuzi, kamba ya kuanikia nguo, na kule mwisho kidoti cheupe chenye kidoti kingine mapajani.

Nikasogea. Nikapita kinu. Nikasogea tena. Mzee akakohoa. Nikasimama. Nikaongeza kidogo, nikijiambia leo ataelewa, kaniita mwenyewe. Nikamwona anamweka mtoto chini taratibu, anashika fimbo, anaanza kuinuka. Na hali ile! Anainuka anipishe, na kosa ni langu.

Mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini, "Mama Babu. Rudi."

Nikarudi. Mzee akaketi.

Nikampa mume wangu kamera. "Nenda wewe, wewe unasogea." Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia weka kile kiboksi cha kulengea, kinachoonekana kwenye kioo, kwenye uso wa baba. Akaenda, akachuchumaa, akapiga nyingi. Akarudi anachekelea. Kwenye kioo kile kidogo zilikuwa safi. Mzee anacheka na pengo lake, Babu anacheka na ufizi wake. Mama mkwe akaona, akapiga vigelegele.

Tulirudi Musoma. Nikaziweka kwenye kompyuta ya jirani.

Mume wangu alilenga katikati. Na katikati yao, pale kwenye uwazi kati ya bega la mzee na kichwa cha mtoto, kulikuwa na ng'ombe nyuma. Kamera ikamshika ng'ombe. Picha zote. Ng'ombe unamwona nzi mmoja mmoja, pembe, kope, ute wa pua. Mzee na Babu wamekuwa mvuke.

Mnaopenda background blur, ndiyo hiyo. Ikikosea, aliye mbele ndiye anafutika. Bridge yangu na kasensor kake kadogo ingewashika wote watatu bila kuuliza, na mimi nikiwa jikoni.

Mume wangu akazipitia moja moja mpaka ya mwisho. Akasema, "Tutarudi Jumamosi tupige nyingine."

Hiyo Jumamosi alikuwa na boti ya mtu. Iliyofuata mtoto akawa na homa. Halafu simu ikaja, na aliyepiga hakuwa mama mkwe, kwa hiyo nilijua kabla sijapokea.

Msibani ikatafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Simu zote zikapekuliwa. Kuna moja mzee kakaa nyuma kwenye harusi ya mtu, kofia imemfunika. Mwisho wakachukua ya kitambulisho, shemeji huyo huyo akaikuza kwenye stationery yake. Ikatoka uso wa mtu anayeogopa, midomo imebanwa. Mzee wangu hakuwa hivyo.

Wifi mkubwa akasema mbele ya wanawake, tunamenya ndizi, "Si tuna mpiga picha wa ukoo? Harusi za watu anapiga, baba mkwe wake hana hata moja."

Mwingine, kumbe habari zilishawafikia, akadakia, "Anayo. Ya ng'ombe."

Wakacheka. Msibani! Shemeji alikuwa pale, kabeba sufuria. Mume wangu alikuwa pale. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kamera iliondoka vipi. Nikaendelea kumenya.

Wakati wa kuaga mwili, nilikaa mwisho, nimempakata Babu. Shemeji akanijia na ile mirrorless mkononi. "Shemeji, ukoo unataka kumbukumbu ya mwisho. Piga wewe."

Nikamwangalia mama mkwe. Sijui nilitaka aseme nini. Alikuwa amekauka, hana machozi. Akaniambia, "Nenda tu mwanangu. Leo hainuki."

Nikaenda. Nilifika karibu kuliko nilivyowahi kufika kwake maisha yangu yote. Ndani ya hema kulikuwa na kagiza, na kamera hiyo ndiyo mahali pake. Lensi ya boksi ikatosha kabisa, sikuhitaji kuvuta chochote. Niliweka kile kiboksi kwenye jicho lililofumbwa, nikabonyeza.

Wakuu, sijawahi kupiga picha nzuri hivyo. Hakuna chenga hata moja. Lile kovu juu ya nyusi linaonekana mpaka mshono.

Sijamwonyesha mtu. Mume wangu anajua ipo, haulizi. Tunaongea habari za unga na sabuni basi. Juzi kaniambia atanitafutia bridge nyingine. Nikamuuliza ya kumpigia nani.

Nilichojifunza ni hiki, na yule aliyeuliza asome hapa. Kabla hujauliza sensor, jiulize wewe utakuwa umesimama wapi, na yule unayemtaka utaruhusiwa kumfikia kiasi gani. Mwenye kusogea achukue mirrorless, ataifurahia. Mwenye kuzuiwa, iwe na ziwa, na uzio, na heshima, asidanganywe na watu wa video. Na wewe mwanaume, kifaa cha mkeo usikiguse bila kumuuliza, hata kama unamtakia mema. Wewe hujui anakitumia kuona nini.

Sasa naomba ushauri, wa watu wazima tafadhali. Babu ameanza kushika vitu ukutani, kesho keshokutwa atauliza huyo aliyempa jina alikuwaje. Ninayo ile ya ng'ombe, ambayo babu yake yuko hai anacheka lakini huwezi kumjua. Na ninayo ya kwenye jeneza. Je, niisafishe hiyo ya jeneza niitundike, au niitunze mpaka akue, au niifute nibaki kumsimulia kwa mdomo?

Kama kuna aliyewahi kukaa na picha ya namna hii ndani ya nyumba na mtoto mdogo, aniambie ilikuwaje. Wa sensor leo mkae pembeni kidogo.